Muuzaji Akinyamaza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyumba, Mashamba na Viwanja

Barua nne zilizochaguliwa kwa ajili ya safu hii zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinagusa jambo moja: muuzaji anawajibika kumwambia mnunuzi mambo gani kabla fedha hazijahesabiwa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya barua nyingine yanaegemea humo.

Swali: Wakili wetu, salaam. Mimi ni mwalimu, ninaishi Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mwezi Agosti mwaka jana nilinunua nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi milioni 38. Nilipoikagua ilikuwa imepakwa rangi upya ndani na nje, na sakafu ya sebule ilikuwa imepigwa saruji mpya. Nilimuuliza muuzaji, mbele ya dalali na shemeji yangu, kama nyumba ina tatizo lolote, naye akanijibu, "Mwalimu, nyumba haina neno, wewe hamia tu." Mwezi Januari mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yamefika magotini. Nilipovuta kabati nikakuta rangi imebambuka, na chini yake kuna mistari mitatu ya matope, mmoja juu ya mwingine. Jirani ananiambia kuwa kila mwaka wa mvua kubwa nyumba ile huingia maji, na kwamba muuzaji alikuwa akihamishia watoto kwa dada yake. Muuzaji anasema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutangaza ubaya wa mali yake. Je, ni kweli? *Mwalimu, Mtwara.*

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa hasara na kwa usumbufu. Muuzaji wako ameishika nusu ya sheria, na nusu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo nitaanza nayo.

Mauziano ya nyumba na ardhi katika Tanzania Bara yanaongozwa kwanza na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pamoja na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na, kwa mashamba ya vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Nyuma ya sheria hizo zipo kanuni za Uingereza zilizopokelewa nchini kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mojawapo ni ile isemayo kuwa mnunuzi ndiye wa kujihadhari. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba kinaendana na kanuni hiyo pale kinapoeleza kwamba kunyamaza tu, hata juu ya jambo ambalo lingemfanya mwenzako asite kununua, hakuhesabiwi kuwa ni udanganyifu. Kwa hiyo, kama ungeingia katika nyumba ile, ukatazama, ukaridhika, ukalipa bila kuuliza lolote, na muuzaji naye akakaa kimya bila kuficha kitu, kesi yako ingekuwa ngumu sana.

Lakini kifungu hichohicho hakikuishia hapo, na hapo ndipo muuzaji wako alipofumba macho. Kinasema kwamba kunyamaza kunakuwa udanganyifu iwapo mazingira ya jambo lenyewe yanamtaka mtu aseme, au iwapo kimya chake kina uzito sawa na maneno. Sheria yetu ya Mikataba ilitokana na ile ya India ya 1872, na sheria hiyo ya India ina mfano ambao huwa napenda kuwasimulia watu wanaokuja ofisini. Mtu anauza farasi mgonjwa. Mnunuzi anamwambia, "Usipokanusha, nitachukulia kwamba farasi huyu ni mzima." Muuzaji hasemi kitu. Kimya hicho ni udanganyifu, kwa sababu mnunuzi ameuliza kwa namna ambayo kutojibu ni kujibu.

Wewe una zaidi ya huyo mnunuzi wa farasi, kwa maana uliuliza na ukajibiwa. "Nyumba haina neno" ni maelezo, na aliyeyatoa alikuwa akijua kuwa si ya kweli. Hata asingesema chochote, bado kuna rangi na saruji. Kifungu cha 17 kinataja waziwazi kwamba kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu. Mtu anayepaka rangi nyumba yake ili ipendeze hajakosa, kila muuzaji hufanya hivyo, na wala sheria haimkatazi. Lakini mtu anayejua kuwa ukutani kuna alama tatu za mafuriko, akazifunika kwa rangi wiki chache kabla ya kumleta mnunuzi, kisha akaulizwa na kusema hakuna neno, huyo ameficha. Mistari ile mitatu nyuma ya kabati ndiyo ushahidi wako mkubwa kuliko yote. Tafadhali usiisugue wala usiipake rangi. Ipige picha ukiwa umeweka futi ya kupimia ukutani, na mwombe mwenyekiti wa mtaa aje aione kwa macho yake na aandike alichokiona, pamoja na tarehe.

Muuzaji anaweza kujitetea kwamba ungeweza kuwauliza majirani kabla ya kununua. Utetezi huo upo kisheria: kifungu cha 19 kinasema kwamba mtu aliyekubali mkataba kutokana na maelezo yasiyo sahihi, au kutokana na kimya cha udanganyifu, hawezi kuutengua ikiwa angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Soma vizuri, hata hivyo. Masharti hayo yanahusu maelezo yasiyo sahihi na kimya. Aliyesema uongo anaoujua na kufunika dalili kwa mikono yake hawezi kujificha nyuma ya uzembe wa mnunuzi, na kwa maoni yangu si haki kabisa kwamba mtu akufiche kisha akulaumu kwa kutoona.

Sasa unafanya nini? Kifungu cha 19 kinakupa njia mbili. Unaweza kuutengua mkataba, ukarudisha nyumba na kudai fedha zako, au unaweza kubaki na nyumba na kudai uwekwe katika hali ambayo ungekuwa nayo kama maelezo yale yangekuwa ya kweli, ambayo kwa kawaida hudaiwa kama fidia ya tofauti ya thamani au gharama ya kuzuia maji. Amua mapema. Mtu akigundua udanganyifu kisha akaendelea kukaa, akaongeza vyumba, akapangisha, akanyamaza mwaka mzima, mahakama inaweza kuona kuwa ameukubali mkataba kama ulivyo, na njia ya kwanza ikafungwa. Muda wa kufungua madai yatokanayo na mkataba ni miaka 6, na palipo na udanganyifu hesabu huanza siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua.

Jambo moja nikuonye kwa dhati. Tangu hukumu ya 1957 ya Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji, mahakama zetu zimeshikilia kwamba anayedai udanganyifu katika kesi ya madai lazima athibitishe kwa kiwango kizito kuliko madai ya kawaida, ingawa si kizito kama cha jinai. Neno la jirani mmoja halitatosha. Mtafute fundi aliyepaka rangi na kupiga saruji, umuulize aliambiwa nini na alilipwa lini. Shemeji yako aandike anachokumbuka sasa hivi, kabla kumbukumbu haijapoa. Mashahidi wa namna hii nimewaona wakibeba kesi, na nimewaona pia wakiiangusha kwa sababu kila mmoja alisimulia tofauti baada ya miaka mitatu.

Kuhusu dalali, yeye si mmoja wa wahusika wa mkataba, lakini maneno aliyoyasema akiwa anauza kwa niaba ya mwenye nyumba, ndani ya kazi aliyotumwa, yanaweza kumfunga mwenye nyumba. Ikiwa dalali naye alisema "huku maji hayafiki," mwandike.

Swali: Shikamoo mzee. Nilinunua shamba la ekari nne lenye mikorosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, kutoka kwa mzee ambaye sote tunamheshimu. Tuliandikishana, akapokea fedha. Nimepalilia, nimepuliza salfa, na mwezi Oktoba korosho zilipoanza kudondoka akaja mtu na karatasi. Inaonyesha kwamba mikorosho ile iliwekwa rehani kwake kwa misimu mitatu, na bado misimu miwili. Mzee anasema hakutaja kwa sababu aliuza ardhi, hakuuza miti. Je, nani ana haki ya kuokota? *Kijana wa Tandahimba.*

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Suala lako ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu hapa hatuzungumzii ubovu wa kitu, tunazungumzia dosari iliyomo ndani ya haki yenyewe unayouziwa.

Tofauti hiyo ni ya msingi. Ukuta wenye ufa mnunuzi anaweza kuuona. Karatasi ya rehani iliyokunjwa ndani ya sanduku la mtu mwingine, nyumba ya tatu kutoka shambani, hawezi kuiona hata akikagua mti mmoja mmoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana kanuni ya mnunuzi kujihadhari inalegea hapa: anayeuza haki anapaswa kueleza mzigo wowote uliopo juu ya haki hiyo ambao yeye anaujua na mnunuzi hawezi kuugundua kwa kutazama. Rehani, kesi iliyoko barazani, mpangaji mwenye mkataba, njia ya jirani inayopita katikati ya shamba, sehemu ya ndugu ambaye hajagawiwa, vyote hivyo ni vya kusemwa, hata kama mnunuzi hakuuliza.

Hoja ya mzee kwamba aliuza ardhi bila miti ingekuwa na nguvu kama mngeiandika. Sisi watu wa kusini tunafahamu kuwa mtu anaweza kumiliki mikorosho mahali ambapo ardhi ni ya mwingine, na kukodisha au kuweka rehani miti kwa msimu ni jambo la kila siku. Lakini bei ya ekari nne zenye mikorosho inayozaa si bei ya pori. Tazama hati yenu ya mauziano: ikiwa inasema "shamba la mikorosho," au inataja idadi ya miti, hoja yake imekufa.

Hata hivyo, aliyekuja na karatasi hajakukosea. Haki yake ilitangulia yako, na ikiwa rehani yake iliandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji au mashahidi, usimfukuze shambani wala usikimbilie kuokota usiku. Ugomvi wako ni na mzee. Ushauri wangu ni kwamba mkae watatu mbele ya halmashauri ya kijiji, mzee ama alipe deni la rehani na kukukomboa, ama akurudishie sehemu ya fedha inayolingana na misimu miwili ambayo hutavuna, pamoja na gharama zako za palizi na salfa. Korosho za msimu huu zinaweza kupelekwa ghalani kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na malipo yake yakashikiliwa kwa maandishi ya makubaliano ya nyote watatu hadi mtakapoelewana. Zikibaki chini ya mti zitaoza wakati mnabishana.

Nakuuliza pia jambo ambalo hukuliandika. Je, halmashauri ya kijiji iliidhinisha mauziano yenu? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kuhamisha haki ya kimila kunahitaji idhini yake, na mahakama zimewahi kubatilisha mauziano ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika kwa mashahidi wa mtaani peke yao. Ikiwa idhini haikutolewa, lifanyie kazi hilo kwanza, maana mkataba usio na idhini unaweza kukuangusha wewe kabla haujamwangusha mzee.

Swali: Mimi ni mjane, ninaishi Lindi mjini. Nimemaliza eda, na ninataka kuuza nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu ili nirudi kwetu. Alifia humo baada ya kuugua muda mrefu, na watu wanasema maneno mengi. Wanawe wakubwa wa mke wa kwanza nao wananiambia nisiuze. Je, ninalazimika kumwambia mnunuzi mambo haya yote? *Mama wa Lindi.*

Jibu: Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Umeuliza kabla ya kuuza, na wengi huuliza baada ya kushitakiwa, kwa hiyo nakushukuru.

Kifo cha mume wako ndani ya nyumba si kasoro ya nyumba. Hakuna sheria inayokutaka umweleze mgeni msiba wako, wala maneno ya watu. Mnunuzi akikuuliza moja kwa moja, una njia mbili tu zilizo salama: kumwambia ukweli au kumwambia kwamba hupendi kulizungumzia. Usimwambie alifia hospitali.

Suala la watoto ni tofauti kabisa. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mjane, wala na mtoto mkubwa, wala na mjomba, kwa sababu ya kuwa wao ni ndugu. Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Waislamu walio wengi wa mji wako shauri hilo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Nenda na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na orodha ya warithi wote, wakiwemo hao wa mke wa kwanza. Wewe una fungu lako, na kwa sheria ya Kiislamu mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mbali na madai yako ya mchango katika kujenga nyumba iwapo ulichangia. Mafungu yao hayauziki bila wao.

Kwa hiyo, mnunuzi akija leo, unalazimika kumwambia kuwa mirathi haijafunguliwa na kwamba kuna warithi wanaopinga. Ukikaa kimya ukapokea fedha, watoto watafungua shauri, mnunuzi atapoteza nyumba, naye atakufuata wewe. Mbali na madai, kujipatia fedha kwa kudai kuwa una haki ya kuuza huku ukijua kuwa huna ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Sikutishi, mama. Ninakuandikia hivi kwa sababu nimewaona wajane waliosukumwa na madalali kuuza haraka kwa bei ya kutupa, kisha wakabaki peke yao mbele ya hakimu.

Swali: Kaka wakili, nimepata kiwanja kando ya bahari upande wa Mikindani. Muuzaji ni mume, mkewe yuko Dar es Salaam. Dalali anasema nilipe upesi kwa kuwa kuna mteja mwingine. Nimuulize nini? *Mfanyabiashara, Masasi.*

Jibu: Ndugu yangu, huyo mteja mwingine yupo katika kila kiwanja kinachouzwa. Usilipe wiki hii.

Pima kwanza umbali kutoka baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira, na muuzaji anayekuambia utajenga hoteli hapo bila kulitaja hilo ama hajui ama anakuficha. Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, utaona kama kuna rehani ya benki au zuio. Kama hakina, daftari la Msajili halitakuambia kitu, kwa hiyo nenda mwenyewe serikali ya mtaa na uzungumze na majirani wa pande zote nne muuzaji asipokuwepo. Omba risiti za kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa malimbikizo yake yatakusubiri wewe. Ikiwa pana nyumba wanayoishi kama familia, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Simu kutoka Dar es Salaam haitoshi, asaini mbele ya wakili.

Baada ya hayo, andika maswali yako kwenye karatasi moja: je, kuna kesi, rehani, mrithi asiyeridhika, mpaka unaogombaniwa, notisi yoyote ya serikali, au maji yanayoingia wakati wa mvua? Acha nafasi chini ya kila swali. Muuzaji ajaze kwa mkono wake, asaini kila ukurasa, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Karatasi hiyo iambatanishwe na hati ya mauziano na itajwe ndani yake. Muuzaji ambaye mali yake haina shida huijaza kwa dakika 10. Akikataa, au dalali akianza kukuambia kuwa mambo ya kuandikishana yanaleta kutoaminiana, rudi Masasi na fedha zako.

Na huyo dalali asiishike nakala halisi. Mzitengeneze mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa muuzaji.